Konekta Juu ya Mahindi

Kila nikipanda juu ya bati, kabla sijafanya lolote nazishika konekta, vile viungo vya waya za sola, kwa kiganja. Wateja wangu wa Kilole hucheka, husema fundi anapima homa ya waya. Wacheke tu. Mimi harufu ya plastiki inayoungua naisikia hata pasipoungua kitu, na huu ni mwaka wa sita.

Kazi ilikuwa kijiji kimoja cha Handeni, kwa mzee aliyeishi na mkewe, mwanawe, mkamwana wake na mjukuu wa kike aliyekuwa anajifunza kutembea. Paneli ilikuja na konekta yake nzuri, lakini kwa upande wa waya wa kushuka nilikosa ya kufanana nayo. Nilikuwa na nyingine mfukoni, ya aina tofauti, niliyoinunua Korogwe. Dume likaingia kwenye jike, likalia ta! Nilijua kulia si kukamata. Tulifundishwa tusichanganye, maana zikilegea kwa ndani zinapata moto. Lakini kurudi Korogwe kwa kitu kidogo kama kidole niliona uvivu. Kiungo nikakiingiza chini ya bati, darini, kisilowe mvua. Dari ilikuwa tupu.

Na fundi gani wa huku asiyejua kwamba dari haikai tupu? Walipovuna mahindi waliyapandisha na maganda yake, yakajaa hadi kugusa bati.

Moto ulianza saa saba mchana, jua la utosi, wengine wote wakiwa shamba. Mkamwana alikuwa uani anafua. Alikimbilia ndani akamtoa mtoto, akapiga yowe, lakini nyumba iliteketea pamoja na chakula cha mwaka mzima. Kitandani kwake alikuwa ameacha simu inachaji. Majivu hayajapoa, kijiji kizima kilishajua: ni simu. Lisemwalo lipo, walisema. Msemo huo nauchukia tangu siku ile.

Kesho yake wakaniita. Niliufuata waya wangu kwenye majivu. Shaba ilikuwa nzima kote, isipokuwa pale kwenye kiungo. Pale ilikuwa imeyeyuka ikawa kidonge. Moto wa maganda ya mahindi hauyeyushi shaba namna ile. Nilikikanyaga kile kidonge kwa buti.

"Fundi, wewe ndiye mtaalamu," mzee akaniambia. "Ni simu, siyo?"

Mkamwana alikuwa amesimama karibu, mtoto mgongoni, akiutazama mdomo wangu.

"Inawezekana, mzee," nikasema.

Wiki haikuisha, wakamrudisha kwao Kwashemshi. Mtoto alibaki, wakisema ni wa ukoo. Habari hizo nilizipata kwa dereva wa bodaboda, na hata wakati huo ningeweza kurudi Handeni nikasema kweli. Sikwenda. Niliogopa kukosa kazi, na sina sababu nyingine ya kuwapeni.

Mwezi uliopita basi letu lilisimama Mombo, abiria wanunue chakula. Beseni la peasi likainuliwa dirishani kwangu. Alikuwa yeye.

"Shikamoo, fundi," akasema, kama mtu aliyeonana na jirani wa zamani.

Nilishuka. Nikamuuliza mtoto hajambo.

"Hajambo, amekua. Ananiita shangazi. Mama ni yule aliyeolewa baada yangu." Akapanga peasi zake upya. "Mimi mpaka leo simu yangu siichaji ndani, fundi. Naipeleka dukani."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema haikuwa simu, ilikuwa kazi ya mikono yangu. Kwamba nilichanganya konekta huku nikijua, na siku ile kwenye majivu niliona nikanyamaza. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa huruma.

"Usijitwishe, kaka yangu. Wengi wamenifariji hivyo hivyo. Baba yangu yeye alisema ni panya. Lakini mimi najua nilichofanya. Simu niliichomeka mwenyewe."

"Dada, nisikilize. Ni mimi."

"Nimekusikia," akasema. "Una moyo mzuri. Siku ile wote walikuwa wananipigia kelele, wewe peke yako ulisema inawezekana tu. Sijasahau."

Dereva alipiga honi. Aliniwekea peasi mbili mkononi, akaniombea safari njema.