Nati Nilizokwenda Nazo Mazikoni

Ndugu wasomaji, mimi ni fundi wa magari Mwembe Tayari, na tangu juzi nawaamkia watu nikitazama chini.

Bwana Salim aliniletea gari lake la mbio, lile la milango miwili alipendalo kama mwana. Mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya nyuma ilikuwa imelika, akataka nimtilie mipya iliyo imara zaidi. Nikaitia, nikapenyeza bolti, na nati zake nikazihifadhi mfukoni mwa shati zisipotee. Kabla sijazifunga, likapita jeneza la Mzee Athumani, mshona kofia wa mtaani kwetu. Jeneza halipiti nawe ukabaki umekaa. Nikalishusha gari kutoka kwenye jeki, nikajifuta grisi, nikaenda kutia bega. Nitarudi kumalizia, nilijiambia.

Kaburini, Bwana Salim akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Ahsante, fundi," akaninong'oneza. "Nimepita gereji nikaliona liko chini, nikajua umeshamaliza, nikalichukua. Nimewaleta ndugu zake marehemu, na tukimaliza nawapeleka Changamwe. Ila lagonga kidogo nyuma."

Ilinipasa niseme pale pale, lakini fundi mzima nikaona haya mbele za watu. Nikajidai nimezidiwa na majonzi, nikainama kutia mchanga.

Nati zikamwagika kutoka mfukoni. Moja ikatumbukia kaburini.

Bwana Salim akaokota iliyoangukia karibu na mguu wake, akaipangusa, akageuka kulitazama gari lake. Wazee wawili, ndugu zake marehemu, walikuwa wameshaketi ndani.

"Fundi," akasema, na safari hii hakunong'ona, "hii ni ya wapi?"