Wamenunua Banda la Video kwa Ajili ya Sakafu

Leo nimevaa koti la harusi kwenda kuaibishwa.

Asubuhi vijana wawili walinifuata na pikipiki hapa Nyamongo.

"Shikamoo tata. Tumenunua lile banda la video. Tunakuhitaji wewe uliyekuwa unatafsiri picha."

Jamani! Enzi zile wachimbaji walitoka mashimoni na vumbi lao, wakajazana kwenye mabenchi, na mimi nikawageuzia Kichina kuwa Kiswahili. Kichina sikijui. Nani aliuliza?

Basi nikajua banda linafunguliwa tena na mimi narudi kazini. Njia nzima nakohoa ili sauti ikae sawa.

Tumefika, nakuta majembe na magunia.

"Tata, wachimbaji walikuwa wanakaa wapi? Tunataka kuosha udongo wa hapo. Lazima walidondosha dhahabu."

"Na picha?"

"Picha ziko kwenye simu, mzee."

Haya. Nikawaonyesha kona ya nyuma, ambako watu walikojoa humo humo ili wasipitwe na ngumi za kwenye picha. Wameichimba kwa mikono, huku wananishukuru!

Nilicheka, mura, lakini kicheko hakikufika mbali. Walipomaliza kona wakahamia banda zima. Sasa hivi wanajaza kwenye gunia udongo wa mlangoni, pale marehemu mama watoto alipokuwa anauza tiketi.

Wewe uliyewahi kuingia, andika hapa chini ulikuwa unakaa wapi. Kesho hapatakuwa na pa kuonyesha.