Bibi Sindano na Kitabu cha Kingo Nyekundu

Bibi Sindano, binti wa fundi viatu aliyemshonea hakimu kiatu cha mguu uliopinda na asimwambie mtu ni mguu upi. Mjukuu wa mwanamke aliyeshona matandiko ya punda mpaka vidole vikasahau kunyooka. Yeye mwenyewe mjalidi, mshonaji na mtia majalada wa vitabu vya maktaba miaka thelathini na miwili, elimu yake darasa la saba, lakini la saba la zamani, si hili la sasa. Huyo ndiye waliyetaka anyamaze.

Walikuwa watu tisa, kikundi cha usomaji cha kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha maktaba, kwenye meza ndefu iliyowekewa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja isiyumbe. Zamu hii walikubaliana kusoma hadithi ya mauaji na upelelezi ya enzi za Malkia Viktoria. Maktaba ilikuwa nazo mbili tu, tafsiri za zamani, nakala moja moja. Mkutubi, msichana mwenye funguo nyingi kuliko milango, alikwisha kuwaambia:

"Rafu ile inaondolewa. Mtakachochagua kinabaki. Kingine kinaingia kwenye gunia la karatasi kuukuu, na gunia linaondoka leo."

Kimoja kilikuwa kinene, jalada la zambarau, kingo nyekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni: bwana mkubwa kapotelea kwenye ukungu. Cha pili kilikuwa chembamba, kimechoka kama tambara la jikoni: dobi mwanamke kaona damu kwenye shati la tajiri wake, na akisema hana kazi. Hicho Bibi Sindano alikuwa amekijalidi mara tatu. Kitabu hakichakai kwa kukaa.

Akasimama mwalimu mkuu mstaafu, waliyempa jina la Bwana Kamusi. Hakuwahi kusema akiwa ameketi. Labda sauti ilikosa pa kutokea.

"Wajumbe, hiki kinene ndicho. Nimekisoma mara mbili, nakala hii hii, niliiazima hapa hapa. Kina falsafa. Hicho kingine ni porojo za wafua nguo."

"Mwisho wake mzuri?" aliuliza mfamasia, mama mmoja wa haraka haraka.

"Unatetemesha, mama. Unatetemesha!"

"Mimi naona hicho chembamba," alisema Bibi Sindano. "Watu wamekisoma."

Bwana Kamusi akamtolea tabasamu la kumpa mtoto peremende. "Bibi yangu, wewe tunakuheshimu kwa gundi. Ya ndani tuachie sisi."

Wakacheka. Wakacheka hata wale ambao hawakuelewa, maana kucheka na mkubwa hakuhitaji akili. Bibi Sindano akawatazama mmoja mmoja, kama mtu anavyoutazama mchele wenye mawe. Vyeti vyote vile ukutani kwao, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akakifungua kitabu!

Mikono saba ilikwisha kupanda juu kwa kinene, na mkutubi alikwisha kufungua mdomo wa gunia.

"Ngoja, mwanangu. Nipe hicho cha zambarau."

Alikilaza mezani, akaanza kukifunua. Kurasa za mwanzo zilipita kimya kimya. Zilipofika thelathini na nane, kitabu kikalia: krrr. Akafunua tena: krrr.

"Mnasikia? Nilikijalidi mimi, miaka kumi na mmoja iliyopita, nikakipaka rangi nyekundu kingoni. Rangi ikikauka hugandisha kurasa, mpaka msomaji wa kwanza azibandue kwa kidole. Zimebanduka thelathini na nane. Hizi mia nne hazijaguswa tangu zitoke mezani kwangu." Akamgeukia. "Mwalimu, huo mwisho unaotetemesha uliingilia wapi? Dirishani?"

"Labda... labda ilikuwa nakala nyingine."

"Umesema hii hii, baba," alisema mfamasia, na safari hii kicheko kilibadilisha upande, kama kawaida ya vicheko vya watu wa aina ile.

Wakapiga kura upya. Mikono minane ilinyanyuliwa kwa chembamba. Wa tisa alikuwa akifuta miwani. Cha zambarau kikaingia guniani, na Bibi Sindano hakukililia, ingawa ilikuwa kazi ya mikono yake. Jalada zuri juu ya kitabu kisichosomwa ni suti ya marehemu.

Ikabaki shida: kitabu kimoja, watu tisa. Akatoa wembe, akakata uzi wa mgongoni.

"Bibi! Mali ya maktaba!" alimaka mkutubi.

"Nimekishona mara tatu. Ya nne itaniua?"

Akakigawa mafungu tisa. Kila fungu lingepita mkono kwa mkono, kuanzia la kwanza, siku mbili mbili. Lakini la mwisho, lenye muuaji, nani angekaa nalo mpaka wote walifikie?

"Mimi msinipe," alisema mfamasia. "Nitachungulia kabla sijafika nyumbani." Wengine wakatazama chini, walikuwa vile vile.

Bibi Sindano akalifunga fungu kwa karatasi ya kaki, akalisukuma mpaka mbele ya Bwana Kamusi.

"Utalitunza wewe, Mwalimu."

"Kwa nini mimi?"

"Humu ndani ni wewe peke yako ambaye nina ushahidi kwamba hufiki ukurasa wa mwisho. Liweke pakavu."