Mama Rufaa na Makoti ya Watu

Alipofika ghorofa ya pili, fundi alisimama akashika kiuno. Lifti ilikuwa imezungushiwa kamba na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwamba inatengenezwa, na kwa vumbi lililolala juu ya kamba ile, anayeitengeneza hakuwa na haraka. Mji aliokaa maisha yake yote ulikuwa na upande huu ambao hajawahi kuukanyaga: milango ya vioo vya ukungu, vibao vya mawakili, mashine za kunakili zinazonguruma kama paka aliyeshiba. Kila mji una upande wa namna hii, na harufu yake ni moja popote uendapo, wino wa moto na zulia kuukuu. Mtu aweza kuvuka mipaka mitatu asihisi ugeni, kisha akauhisi wote kwa mpigo, kwa kupanda tu ngazi za mtaa wa pili na kwake.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa makoti na suti, na kwapani alibana bahasha kutoka mamlaka ya kodi. Ndani yake mlikuwa na makadirio: kodi, juu ya kodi faini, juu ya faini riba, kama nyumba iliyojengwa na mtu asiyejua kuacha. Mwishoni barua ilisema kwamba asipolipa wala kuweka pingamizi kabla ya mwezi kuisha, vifaa vyake vitakamatwa. Akaunti ya benki ilikuwa imeshafungwa. Vifaa vyenyewe ni cherehani zake, pasi nzito, na meza ya kukatia aliyoachiwa na baba mkwe. Vikiondoka hivyo, anabaki mwanamume mwenye mkasi.

Mkewe ndiye aliyemtuma. "Nenda kwa Mama Rufaa," alimwambia. "Muuza matairi alikuwa anazikwa hai, yule mama akamfukua."

"Na bei yake je?"

"Bei ya kaburi unaijua?"

Basi akapanda.

Mama Rufaa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kwenye kamba shingoni, viatu kavivua na kuvisukuma chini ya meza. Meza yenyewe ilikuwa imesogezwa mpaka ukutani, na viti viwili vilikuwa upande mmoja, kwa hiyo mteja na mshauri walikaa bega kwa bega, kama abiria wa basi moja. Fundi akanyoosha bahasha. Mama hakuipokea.

"Weka hapo. Hiyo naijua, nimeziandika nusu ya maisha yangu. Kazi yako ndiyo siijui. Nieleze, koti linazaliwaje?"

Fundi alidhani anataniwa. Alipoona hatanii, akaanza: kitambaa, futi, chaki, bitana, jaribio la kwanza, jaribio la pili. Kadiri alivyosema ndivyo kifua kilivyolegea. Tangu bahasha ifike, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali ambalo jibu lake alilijua.

"Na likishakamilika, mwenyewe anakuja kulichukua?"

"Hapo ndipo ugonjwa ulipo, mama. Analeta kitambaa, anatoa kianzio, anaapa kwa kila kilicho kitakatifu kwamba Jumamosi atakuwepo. Jumamosi inapita, na nyingine. Nina koti limekaa mpaka mwenyewe kaota kitambi."

"Unayauza?"

"Nguo ya mtu?" Fundi alimtazama kama aliyeulizwa kama anauza watoto. "Natundika dirishani, kwenye kioo, mbele kabisa. Na kwenye mkono nabandika kikaratasi cha pesa aliyobakiza kulipa. Akipita na wenzake aione, aone haya."

"Wanaona haya?"

"Wengine wamebadilisha njia ya kwenda kazini."

Mama Rufaa alicheka mpaka akaivua miwani kuifuta. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Mkaguzi alipokuja, aliliona dirisha hilo?"

"Alisimama pale nje kitambo kirefu. Alikuwa anaandika."

Mama akafumba macho. Sasa ndipo alipoichukua bahasha, akaifungua, na kidole chake kikashuka moja kwa moja hadi kwenye mstari alioutaka. Ilikuwa kama alivyodhani. Mkaguzi aliona duka lenye makoti yaliyotundikwa, kila koti na bei yake. Akaamini kwamba hapo panauzwa nguo zilizo tayari, kwamba dirisha hujazwa na kumalizika kila mwezi, na kwamba mauzo hayo yote yamefichwa. Akazidisha, miaka ikaingia, na aibu za wateja wa fundi zikageuka kuwa deni lake mwenyewe.

"Kwa hiyo nitashinda?" fundi akauliza.

"Ngoja. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza daktari aseme kama unaumwa kweli. Niambie kitu ambacho hawakukiona."

"Hakuna."

"Fundi."

"Hakuna, mama."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nina watoto wanne."

Mama Rufaa hakucheka safari hii. Aliinuka bila viatu, akafungua mlango, akaushikilia wazi. "Barua yako hii hapa. Ukishuka ngazi polepole utafikiria vizuri. Ukifika chini hujakumbuka kitu, tafuta mwingine, wapo wengi na wengine ni rahisi kuliko mimi."

Fundi akashuka. Ghorofa ya pili, palepale alipopumzikia wakati wa kupanda, miguu ilikataa. Alikumbuka majoho ya kwaya, zaburi nzima ya majoho, aliyoshona na kulipwa mkononi, na sare za walinzi wa hoteli, nazo mkononi. Alijiambia kwamba pesa ile ilishaliwa, ada za shule zilishalipwa, aliyemlipa alishahama. Hakuna ajuaye. Akasimama hapo akisikiliza mashine za kunakili, kisha akageuka na kupanda tena.

Mlango ulikuwa bado wazi.

"Kuna majoho," alisema.

"Kaa," alisema Mama Rufaa. "Na hiyo tutailipa."

"Lakini hawaijui!"

"Mimi naijua sasa. Fundi, siwezi kubeba ukweli wako mkono huu na uongo wako mkono huu. Nitaenda kombo, na wao wamesomea kuona watu wanaokwenda kombo."

Wapo waliosema kwamba Mama Rufaa aliruka ua. Alikuwa amefanya kazi mamlaka ya kodi tangu usichana, kaunta, kisha ukaguzi, kisha chumba cha mapingamizi, na alipotoka akakodi chumba kile juu ya ngazi na kuanza kuwatetea waliokuwa wakimwogopa. Wenzake wa zamani wakimkuta sokoni walimuuliza mshahara wa usaliti ni kiasi gani. "Sijaruka kitu," aliwajibu. "Meza ni ileile, nimebadilisha kiti." Na alimaanisha. Aliyekuja kwake akitaka afundishwe kuficha alitoka na nauli yake tu. Lakini aliyekuja akitetemeka, tayari kukiri lolote ilimradi bahasha ziache kuja, huyo alimketisha, akamwambia asitie sahihi popote mpaka atakapolala usiku mmoja. Woga, alisema, ndio mhasibu mbaya kuliko wote: hujumlisha tu, kutoa hajui.

Siku chache baadaye, mke wa fundi alikuwa peke yake dukani akikunja bitana, mwanamke mmoja akaingia na mkoba mzito begani. Alizunguka, akatoka nje, akatazama dirisha kutoka barabarani, akarudi.

"Dada, lile gauni la kijani nalitaka."

"Haliuzwi. La mtu hilo."

"Bei si imeandikwa?"

"Ni pesa ya mwenyewe aliyobakiza."

"Nitalipa mara mbili."

"Hata mara kumi. Mwenyewe akija kesho nimwambie nini, kwamba nimemvua njiani?"

"Hawezi kuja, dada. Nguo imeshapauka upande mmoja."

"Upande ulioungua jua tutaugeuza ndani. Wewe mbona king'ang'anizi? Huna fundi wako?"

Mwanamke yule akatua mkoba chini, akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuja kutafuta. "Mimi ndiye Mama Rufaa. Ulivyonifukuza leo, nakuomba unifukuze vilevile mbele ya afisa."

Pingamizi likawekwa kabla ya mwezi kuisha, na ombi likatolewa kwamba duka likaguliwe upya. Siku ya siku wakaja wawili: mkaguzi yuleyule, kijana mwenye suti ya kijivu, na afisa wa mapingamizi, mama mwenye sauti ya chini aliyewahi kukaa chumba kimoja na Mama Rufaa na ambaye hakuonyesha hata kwa kope kwamba anamjua. Fundi alikuwa amenyoa. Mkewe alisimama nyuma ya meza ya kukatia, mkono umekaa juu yake kama vile tayari inataka kubebwa.

Mama Rufaa alianza na majoho. Mkaguzi akainua kichwa. Hayo hayakuwa kwenye karatasi zake. Afisa akamtazama fundi.

"Ni kweli?"

"Kweli, bibi afisa," alisema fundi. "Na sare za walinzi pia. Sikuzitaja."

"Hilo tunadaiwa," alisema Mama Rufaa, "na tunaomba kulipa kwa awamu. Sasa tuje kwenye tusilodaiwa. Afisa, chagua koti lolote dirishani. Wewe mwenyewe, si mimi."

Afisa akachagua jeusi, zuri, lenye deni kubwa lililobandikwa mkononi. Mama Rufaa akamwomba mkaguzi alijaribu. Kijana alisita, akavua lake, akavaa. Bega la kulia lilikaa, la kushoto likaanguka kama hema lililokosa mti. Akavaa jingine: mikono ikamfunika vidole, na kifuani hakikufungika kifungo. La tatu lilimbana mgongoni hata hakuweza kuushusha mkono. Alijitazama kwenye kioo na, hilo asifiwe, akacheka wa kwanza.

"Duka la nguo hununua nguo za kila mtu," alisema Mama Rufaa. "Kubwa, ndogo, wastani. Humu kila koti lina mtu mmoja tu duniani anayeweza kulivaa, na huyo mtu ni mdaiwa. Nani atajaza dirisha kwa bidhaa ya mteja mmoja?"

"Hili la kwanza ni la nani?" afisa aliuliza.

"La mpakiaji mizigo," alisema fundi. "Bega moja limeshuka kwa magunia. Ukimkatia sawa, linamkaa upande." Maneno yalikuwa hayajaisha na mikono yake ilikuwa imeshafika mgongoni kwa mkaguzi, inabana kitambaa cha kijivu. "Na hii yako, bwana, nayo umeinunua imetundikwa. Ona hapa inavyokunja. Ningetoa kidogo hapa..."

"Fundi!" Mama Rufaa alifoka. "Futi chini! Mpaka uamuzi utoke huyu hana kifua wala kiuno!"

Hata afisa aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Kisha akaelekea mlangoni, akageuka, akamwambia mke wa fundi kwa sauti ileile ya chini kwamba lile gauni la kijani limempendeza, na anaweza kulilipia sasa hivi.

Mke wa fundi alilitazama gauni, kisha akamtazama afisa. Huyu alikuwa mtu ambaye kalamu yake ingeweza kuchukua meza aliyoshikilia. "Samahani sana, mama," alisema. "La mtu."

Afisa akaandika kitu kifupi, akaondoka.

Uamuzi ulipotoka, Mama Rufaa aliuleta kwa mkono wake. Makadirio ya dirisha yalifutwa yote, faini na riba zake nazo. Majoho na sare vilibaki, na vilikuwa na maumivu yake: mwaka mzima wa awamu, na mwaka huo fundi hatanunua cherehani ya kutia vishimo vya vifungo aliyoiota. Lakini akaunti ilifunguliwa, na meza ya baba mkwe ilibaki imesimama kwa miguu yake minne.

"Bei ziandike kwa ndani ya mkono," Mama Rufaa aliwaagiza, "na kwa nje uandike kwamba ni ya mteja. Aibu itafanya kazi hivyohivyo."

"Kaa nikupime," fundi alimwambia. "Koti, bure. Usikatae."

"Nimeshalipwa. Na wewe una deni. Mwenye deni hagawi makoti. Ukimaliza awamu ya mwisho, tutaongea." Akaunyanyua mkoba wake. Alikuwa anawahi kwa mchinjaji mmoja aliyefungiwa bucha, mtu wa kulia ovyo, alisema, na machozi yake yatalowanisha risiti. Mlangoni alilitazama gauni la kijani. "Bado?"

"Bado la mtu," alijibu mke wa fundi, na wote wawili wakacheka.

Akatoka. Fundi alibaki kwenye kizingiti akimwangalia akipita kando ya barabara, katikati ya mikokoteni na wauza vocha, mkoba wa majalada ukimvuta. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, si kidogo. Kola ilimpanda shingoni upande mmoja kwa sababu hiyo. Mtu wa kumkatia sawa angemwonea.

Alipopotea kwenye kona, fundi akarudi ndani, akatandaza karatasi ya kukatia mezani, akachukua chaki, akachora bega la kulia. Kisha la kushoto, chini yake.

"Hilo la nani tena?" mkewe aliuliza.

"La mtu."

"Ametoa kianzio?"

Fundi aliipitisha chaki mara ya pili, ili mstari ukolee. "Ametoa," alisema.