Strungi ya Bi Mwajuma ilivyolirudisha darasa langu la watu wazima, Kasulu miaka ya sabini

Wakuu, wa umri wangu nawasalimu, na nyie vijana marahaba hata kama hamjaniamkia.

Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu humu bila kuandika. Juzi nikakuta uzi mnabishana chai ipi ndiyo chai, ya maziwa au strungi, ile kavu isiyo na maziwa. Mmefika mpaka kutukanana.

Nikasema ngoja na mimi niweke la kwangu. Ni jambo lililonipata mwenyewe. Naweza kukosea mwezi au siku, kichwa kimeshachoka, lakini chumvi sitaongeza.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana, natokea Moshi. Nikapangiwa kijiji kimoja wilaya ya Kasulu, njia ya kuelekea Kagerankanda.

Asubuhi nafundisha watoto. Saa kumi jioni, watoto wakishaondoka, wanaingia watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Waliokuwepo enzi hizo wanajua kampeni ile ilivyokuwa.

Mkabala na shule kulikuwa na kibanda cha chai cha Bi Mwajuma, mjane wa makamo kutoka Ujiji. Mwembamba, mpole, haongei sana.

Kule ni milimani, baridi ya asubuhi inakata. Bi Mwajuma anachemsha maji na tangawizi iliyopondwa, anatia majani bila huruma, anaacha yachemke mpaka povu liwe la kahawia. Kisha anaepua, anafunika, anasubiri majani yatuame. Akikumiminia, ni nyeusi mpaka chini ya kikombe huoni.

Sukari ilikuwa mpaka duka la kijiji lipate. Wengi walitia asali. Asali ya Kasulu na Kibondo wakuu, tuiache tu, nitalia hapa.

Mimi kwetu nimezoea maziwa mengi, majani kidogo. Siku ya kwanza nikamwomba anipunguzie rangi. Alinipa nilivyotaka, ila akaniambia taratibu, "Mwalimu, hayo ni maji yaliyoonyeshwa majani."

Kilichonishangaza kwa yule mama ni kwamba hukumwambia mara mbili unavyotaka chai yako. Fundi baiskeli anataka ile ya mwisho ya sufuria, chungu yenye machicha. Mama mmoja mjamzito anataka tangawizi tupu, majani yanamtibua. Mzee Ruhwanya, ambaye alikuwa mkubwa wa ukoo mzima pale, anataka strungi isiyo na sukari wala asali, ya moto hasa, kwenye bakuli.

Wote aliwaweka kichwani.

Sasa turudi darasani. Nilianza na watu zaidi ya arobaini. Baada ya wiki chache wakabaki akina mama tu, tena wachache. Wanaume wote wakapotea.

Mratibu wa elimu ya watu wazima akaja, akahesabu vichwa, akaniambia hali ikiendelea hivi darasa linafungwa, na taarifa itaandikwa kwamba mwalimu ameshindwa kazi. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Nilikosa raha kabisa.

Nikawa nalalamika kibandani kwamba watu wa huku ni wavivu, hawataki elimu. Bi Mwajuma aliniacha nimalize.

Halafu akaniuliza kama nakumbuka siku niliyomsimamisha Mzee Ruhwanya ubaoni.

Nilikumbuka. Nilimpa chaki aandike herufi, akaandika kinyume, watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Nikamwambia arudie, akakosea tena. Niliona ni jambo dogo, kama kwa watoto wa darasa la kwanza.

"Nyuma yake alikaa mke wa mwanawe," Bi Mwajuma akasema. "Mkwe wake, Mwalimu. Yule mzee hawezi hata kula mbele yake. Wewe ukamfanya achekwe mbele yake."

Wakuu, nilihisi uso unawaka.

Akaniambia siku ile ile Mzee Ruhwanya alipita kibandani bila kusimama, na tangu hapo hajaja. Wanaume wengine wakafuata nyuma yake, maana mkubwa akiaibishwa wadogo hawakai. Yeye Bi Mwajuma aliona bakuli halina mtu, akajua kuna jambo, akauliza mpaka akapata. Mimi niliyekuwa naita majina kila siku sikujua chochote.

Nikamuuliza nifanye nini.

Jumapili asubuhi akanipa chupa ya chai imejaa, na mabakuli mawili. Akanielekeza: usianze na maneno, mmiminie yeye kwanza, na ya kwako unywe yote.

Nikaenda. Mzee alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo, nikaongeza na Kiha changu cha kuungaunga, mwakeye, yaani umeamkaje. Akaitikia bila kuinua kichwa. Sikufukuzwa, basi nikakaa.

Nikammiminia. Akaitazama muda mrefu kabla ya kuipokea. Akanywa kidogo, akasema, "Hii ni ya Mwajuma." Nikamwambia ndiyo.

Nikanywa ya kwangu. Jamani, ilikuwa chungu mpaka masikio yalisimama. Haina sukari, haina kitu, majani tu na moto. Nikakaza uso. Kufika nusu ya bakuli nikaanza kuisikia ladha yake ndani ya ule uchungu. Ikanishika kifuani, kichwa kikawa chepesi. Nikaimaliza.

Ndipo nikamwambia, "Mzee, nilikukosea. Nilikuwa sijui, lakini kutojua kwangu hakukupunguzia aibu. Naomba unisamehe."

Akachonga kidogo. Kisha akasema, "Mimi herufi nazitaka. Barua za mwanangu zikitoka mjini nasomewa na watu, wanajua mambo ya nyumba yangu kabla yangu."

Nilivyorudi nikamsimulia Bi Mwajuma, akaja na mpango. Akina mama wataingia saa tisa na nusu, watoto wakitoka tu, niwafundishe peke yao. Wakitoka, wanaume watakuwa kibandani wanakunywa chai, kila mmoja ya kwake, wapumzishe mgongo baada ya shamba. Wakimaliza, ndipo waingie. Na mtu asiitwe ubaoni asipotaka mwenyewe.

Jumatatu alikuja Mzee Ruhwanya na mpwa wake. Jumatano wakawa tisa. Mratibu aliporudi alikuta watu wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Alinipongeza sana. Nilimwambia ampongeze jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akadhani natania.

Mtihani ulipokuja, Mzee Ruhwanya alifaulu.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo mjini. Huko nilikunywa chai kwa wengi, wapo waliokuwa wazuri, ila sikumpata anayemjua mtu kama yule mama.

Mwaka uliofuata dereva mmoja wa lori akaniletea barua shuleni. Bahasha imekunjwa, mwandiko mkubwa unapanda na kushuka. Naijua kwa moyo mpaka leo:

"Mwalimu. Mimi mzima. Mwajuma amefariki ijumaa. Tumemzika vizuri. Sasa chai hakuna. Ruhwanya."

Nilikaa nayo ofisini mpaka kengele ikalia mara mbili.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikosekana mahali pake, usikimbilie kusema amekataa. Uliza kwanza nini kilimtoa. Na ukishajua kosa ni lako, mfuate kwake.

Strungi nainywa tangu siku ile mpaka leo, na mke wangu bado ananigombeza kuhusu tumbo.

Wenye asili ya Kasulu na Kibondo, kuna aliyewahi kunywa chai kwenye kibanda cha namna hii? Na wewe unayetia maziwa, sijakutukana, tuambie tu nani alikufundisha kunywa chai. Karibuni.