Gauni Lenye Zipu ya Kahawia

Mimi nauza mitumba ya watoto, na jirani yangu wa meza ya kushoto ni fundi wa zipu. Hashoni suti wala sketi. Ni zipu tu: za suruali, za mabegi, za majaketi. Soko zima linamwita Fundi Zipu, na nusu ya soko hilo inaamini kichwani hayuko sawa. Nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo, na nitagombana tena.

Chanzo cha maneno ni magauni. Zamani ilitoka filamu ya katuni ya binti mfalme aliyefungiwa ndani ya taa, na watoto wa kike wa wakati huo wakarukwa na akili. Yakaja magauni ya njano yenye vitaa vidogo vilivyotariziwa kwenye pindo, vipochi vya umbo la taa, bendi za nywele, viatu vyeupe vyenye nyota mbele. Watoto wa leo hata hawaijui filamu yenyewe. Lakini vitu vyake bado vinaibuka kwenye mabelo ya mitumba, kimoja kimoja, vimepauka, na kila kinachoibuka kwangu ananunua Fundi.

Nimeingia chumbani kwake kumpelekea dawa alipokuwa mgonjwa. Kamba zimevutwa ukuta hadi ukuta, na magauni ya njano yananing'inia mpaka juu ya kitanda, yote ya mtoto wa miaka mitano. Ukitaka kupita unainama. Dirisha halifunguki kwa sababu ya maboksi ya vipochi na bendi.

"Fundi," nikamwambia, "hapa unaishi au umehifadhiwa?"

Alicheka, akanisogezea kiti kilichokuwa na nafasi.

Zamani Fundi alikuwa na mke na binti mmoja. Binti alipofika miaka mitano akamnunulia gauni hilo na viatu vyake. Wiki haikuisha, zipu ikafa. Fundi hakuwa na zipu ya njano. Alikuwa na moja ya kahawia, ya chuma, ya suruali ya mvulana, akaitia hiyo hiyo. Mtoto alilia mpaka kamasi. Baba akambembeleza: "Sasa hata likichanganywa na mengine mia, mimi nitalijua la kwako." Baadaye mume na mke wakashindwana. Asubuhi moja mama akapita na mtoto hapa mezani, mtoto kapendeza na gauni lake na viatu vyake vya nyota, wakaaga kwamba wanakwenda kusalimia kwa bibi. Hawakurudi. Wakahama mji, kisha wakahama nchi, na simu ikawa haiiti tena. Mahali mtoto alipozoea kumwona baba yake ni hapa, kwenye meza hii.

Ndiyo maana Fundi hang'oki. Na ndiyo maana kila belo likikatwa kamba, yeye amesimama kando. Gauni la njano likitokea, haangalii mbele kama wanunuzi wengine. Analigeuza mgongo. Kuna mama mmoja anayekusanya vitu vya filamu ile kwa mapenzi tu, aliwahi kumtumia picha za magauni yake, safi, na lebo juu. Fundi akamjibu neno moja: "Geuza." Yule mama akadhani anatukanwa.

Dada yake mkubwa anaishi mji mwingine, na amehangaika naye mpaka basi. Mwaka huu akampatia fremu ya duka chini ya nyumba yake, ina mlango wa kioo, na chumba cha kulala chenye dirisha linalofunguka. Dada huyu huniita wifi kwa utani, na mimi humjibu kwamba mume niliyewahi kuwa naye alinitosha. Safari hii hakutania.

"Wifi, mdogo wangu anazeekea juu ya stuli. Msemeshe."

Nikamsemesha, tena bila kumung'unya maneno.

"Fundi, mwanao sasa ni mtu mzima. Akitokea hapa atakuja kavaa suruali, na wewe utamuuliza anataka zipu ya rangi gani."

"Najua, jirani."

"Sasa unangoja nini?"

"Gauni likipita hapa na mimi sipo, je?" Alikuwa anapaka nta meno ya zipu, hakuinua uso. "Nikilishika mkononi, nitahama. Mwambie dada."

Nikamwambia. Tukalichukua neno hilo kama ahadi.

Wiki ya pili nikafungua belo. Kwanza ukatoka mkono wa njano. Fundi alikuwa na mteja, kwa hiyo nikaligeuza mwenyewe, kwa mazoea tu. Zipu ya kahawia. Ya chuma. Nikalilaza juu ya meza yake.

Akaivuta zipu juu, akaishusha. Ilipita bila kukwama.

"Ni mkono wangu," alisema.

Kisha akaligeuza ndani nje. Ubavuni palikuwa pamefumuliwa, pakaongezwa kitambaa kingine cha njano, karibu rangi moja. Pindo limeteremshwa, likaongezwa, likateremshwa tena. Mishono midogo, iliyonyooka. Gauni la mtoto wa miaka mitano lilikuwa limefika kumtosha wa miaka tisa au kumi.

"Amelivaa mpaka likamkataa," nilisema.

"Na kuna mtu alikuwa akimshonea." Alipitisha kidole kwenye mshono ule. "Anajua kazi kuliko mimi."

Akalia pale pale mbele ya mteja, na mimi nikalia, sioni haya kusema. Nilimfurahia na nilimwonea uchungu, yote kwa pamoja.

Kesho yake dada akaja na pikapu. Tukashusha magauni kwenye kamba, tukatoa maboksi, nikafungua lile dirisha kwa nguvu mpaka likalia. Tulipopita sokoni kuchukua vifaa vyake, watu walimpungia. Meza tukaiacha, stuli ikapakiwa. Fundi akakaa mbele, gauni mapajani, na mimi nikageukia biashara yangu kwa sababu machozi yalikuwa yananianza tena. Nikakata kamba ya belo.

Nikasikia mlango wa gari. Fundi alikuwa amesimama kando yangu, pale pale pake, anatazama nguo zikimwagika.

Dada yake akamfuata. "Mdogo wangu, gauni si umelipata? Unatafuta nini tena?"

Tayari mkono ulikuwa ndani ya belo.

"Viatu," alisema. "Aliondoka na viatu."

Dada akarudi kwenye pikapu, akaishusha stuli, akaja kuiweka nyuma ya meza.