Asumpta na Wateja Wasiosema Hapana

Ukitaka kumkasirisha Asumpta wa Mfaranyaki, mwambie kuwa ugali ni ugali tu. Atasimamisha cherehani, atavua miwani, na utajuta kuzaliwa. Kwake ugali ni ule wa unga wa kulowekwa: mahindi yakobolewe, yakae majini mpaka yaanze kunukia uchachu, yaoshwe, yaanikwe, ndipo yaende mashineni. Unga hutoka mweupe na laini. Mama yake aliufanya hivyo, na bibi yake vilevile. Naye mumewe, Mwalimu Daudi, mtu wa Singida aliyeletwa Songea na kazi akabaki, ameula tangu walipooana akisema neno lilelile: "Mtamu, Mama Noela."

Neno hilo ndilo lililomtia wazimu wa biashara. Aliwatazama walimu, manesi na makarani wanaohamia mjini kila mwaka, akawaonea huruma. Nani kati yao ana nafasi ya kuloweka mahindi? Wanakula unga wa dukani, maskini ya Mungu. Basi yeye atawatengenezea na kuwapelekea mpaka mlangoni. Alichokosa ni mahindi ya kuanzia, na njia ya kuyapata ilikuwa moja tu: kuuza cherehani. Ileile iliyomsomesha binti yake Noela, iliyoshona sare za watoto wa mtaa mzima. Fundi Bakili alishakuja kuitazama, akalizungusha gurudumu lake, akasema Jumamosi anakuja na mkokoteni.

Agape, binti anayewafundisha kina mama ujasiriamali pale mtaani, aliposikia hayo alishika kichwa.

"Mama, kabla hujauza hiyo cherehani, nenda kawaulize wateja. Usiwauzie, waulize tu. Hilo tatizo wanalo kweli, au unalo wewe?"

Asumpta alikubali, maana kuuliza si ujinga. Lakini huyu ni mtoto wa watu. Amelelewa Peramiho na mama ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kila alikobisha hodi aliingia na kibaba cha unga wake ndani ya mfuko safi. Akakaribishwa, akaamkiwa, akaulizwa habari za Noela na za mwalimu, akapewa chai. Chai ikifika nusu, ndipo anauliza: "Mwanangu, ningekuwa nauza unga kama huu, ungenunua?"

Sasa wewe niambie. Mama mtu mzima, umempa shikamoo, amekuletea zawadi, anakunywa chai yako. Hiyo hapana utaianzia wapi? Wote walisema ndiyo. Nesi alisema ndiyo, karani alisema ndiyo, mke wa mchungaji alisema ndiyo na akaiombea biashara papo hapo. Hata bwana mmoja mla wali, ambaye jiko lake halijui mwiko wa ugali, alisema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Asumpta akawa anarudi nyumbani kwa madaha kama mama wa bwana harusi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wiki ile hakuwa na muda na wahenga.

Siku ya Alhamisi alisahau mwavuli kwa Zulfa, mwalimu kijana aliyetoka Tunduru. Ijumaa jioni akaufuata, na kwa kuwa ni jirani akapitia uani. Alimkuta Zulfa ameinama juu ya karai, anachanganya chakula cha kuku. Juu ya pumba kulikuwa na unga mweupe, na mfuko wake ulikuwa pembeni, mtupu. Kuku walikuwa wanaufurahia kwa moyo wote.

"Shikamoo mama," Zulfa alisema. "Wallahi, mama, nisamehe."

"Marahaba."

Asumpta aliutazama unga wa mikono yake ukidonolewa. Akatamani kugeuka aende zake. Kisha jogoo akainua kichwa, mweupe kwa unga mpaka machoni, na Asumpta akacheka kabla hajajizuia. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Haya, nieleze. Na leo usinionee haya."

"Una harufu, mama," Zulfa alisema polepole. "Sisi hatujauzoea. Niliupika, baba watoto akaniuliza kama umeharibika."

"Mbona hukuniambia?"

"Umekuja kwangu na zawadi, mama. Ungekuwa wewe, ungesema?"

Asumpta alijijua, akainuka kwenye ndoo.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Brigita, yule karani, Mngoni mwenzake aliyekulia kwenye unga uleule. Safari hii alikwenda bila kibaba, na aliona aibu kama aliyesahau viatu. Wala hakuuliza kama angenunua. Aliuliza tu unga wanaokula siku hizi wanaupataje.

"Si wa shambani kwangu!" Brigita alishangaa. "Nikanunue unga, dada, wakwe zangu wasikie? Watasema jembe langu ni la mapambo."

"Basi huna shida."

"Shida ninayo! Kuanika. Naloweka vizuri, naanika, naenda kazini, mvua hii ya Februari inashuka. Nikirudi, kilichobaki kimeota ukungu na kingine kimo tumboni mwa mbuzi wa jirani. Juzi juzi nimemwaga yote, nikakaa chini nikalia." Akamtazama mgeni wake. "Wewe unashinda nyumbani na cherehani yako. Hivi huwezi kuniangalizia? Nitakulipa, na wenzangu ofisini wanalia hivyohivyo."

Asumpta alirudi nyumbani taratibu. Mahindi ya watu wenyewe, turubai la kufunikia, na mtu wa kushinda uani. Mambo yalikuwa yanamnyookea. Lakini lilibaki jibu moja, la mtu ambaye ndiye aliyemtia moyo kuliko wote, na ambaye hakuwahi kumuuliza.

Akasonga ugali wa usiku, akampakulia mumewe, akaketi mbele yake.

"Baba Noela, unga huu unaupenda?"

"Mtamu, Mama Noela."

"Sikuulizi kama mume. Nijibu kama mteja."

Daudi alilirudisha tonge sahanini. Alitazama mlangoni, akatazama dari.

"Una uchachu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Ilimuuma Asumpta, tusidanganyane. Miaka yote hiyo ya kukoboa na kuloweka!

"Na ungeniacha niuze cherehani yangu kwa neno lako?"

"Jana sikulala. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia kabla Bakili hajaja."

"Mwalimu mzima, maneno yamekuishia?"

"Siku ile ya kwanza," Daudi alisema, "ulitoka jikoni macho mekundu kwa moshi. Ukanipakulia, ukasimama pale mlangoni unanitazama nikimeza. Ulikuwa umejawa furaha. Ningesemaje? Nikasema mtamu. Kesho yake nisingeweza kugeuka. Nimeuzoea, Mama Noela. Kuupenda ndiyo bado."

Asumpta alijifuta macho kwa pindo la kanga, na hakujua kama analia au anacheka. Akachukua simu, akampigia Bakili, akamwambia cherehani haiuzwi, asijisumbue na mkokoteni. Kisha akanyoosha mkono kuiondoa ile sahani.

"Kesho nitakusagia dona," alisema. "Huu lete, kuku wataula."

Daudi aliishika sahani upande wa pili, akaing'ang'ania.

"Hebu acha," alisema. "Leo nimalizie."